Jukwaa au filamu: mtunzi wa muziki Marekani achague nini

Kabla hujalinganisha malipo, linganisha umiliki. Mtunzi anayeandikia Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, na yule anayeandikia filamu za Hollywood wanaweza kuwa mtu mmoja, mwenye piano ileile, lakini sheria ya Marekani inawahesabu kama watu wawili. Wa jukwaani ni mwenye mali anayeikodisha kazi yake kwa mtayarishaji. Wa filamu ni mtu wa kuajiriwa, na alichokiandika ni cha studio tangu nota ya kwanza. Muda wa kazi, nani ana ruhusa ya kukata wimbo, hela inaingia mwaka gani: karibu yote hayo yanafuata mkondo huo.

Mtu mzuri wa kupimia ni Alan Menken, kwa kuwa amefanya kazi pande zote mbili na kote amefanikiwa. Alizaliwa 1949, akapitia warsha ya tamthilia za muziki ya BMI, shirika la kukusanya malipo ya watunzi, jijini New York, na mwaka 1982 yeye na mwandishi Howard Ashman wakafungua Little Shop of Horrors katika ukumbi mdogo nje ya Broadway. Ilionyeshwa mara 2,209. Disney ikawachukua, na kwa filamu nne za kati ya 1989 na 1995 Menken akazoa Oscar 8. Mwaka 2012 akapata Tony, tuzo ya Broadway, kwa tamthilia iliyotokana na filamu iliyokuwa imedoda miaka 20 kabla. Tutamrudia, pamoja na wengine ambao upande mmoja uliwaunguza vidole.

Muziki ni wa nani

Tangu 1926 waandishi wa jukwaa wa Marekani, kupitia umoja wao wa Dramatists Guild, wana mkataba wa kima cha chini unaokubali kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Mtayarishaji anapata leseni ya kuonyesha, basi. Mkataba unaotumika Broadway tangu 1985 unasema pia kwamba hakuna neno wala nota itakayobadilishwa bila idhini ya waandishi, na waandishi wana sauti katika kumchagua mwongozaji na waigizaji. Guild yenyewe si chama cha wafanyakazi kisheria, na sababu yake inaeleweka: mwenye nyumba hawezi kudai haki za mwajiriwa kwa mpangaji wake.

Kwa mkataba huo waandishi wote kwa pamoja hulipwa mrabaha wa 4.5% ya mauzo ya tiketi ya wiki mpaka mtaji wa wawekezaji urudi, kisha 6%. Kawaida hugawanywa mafungu matatu: hadithi, maneno ya nyimbo, muziki. Wiki ikiingiza dola 1,000,000, fungu la muziki ni dola 15,000 kabla ya mtaji kurudi na dola 20,000 baada ya hapo. Hesabu ni tamu, ila usiishie hapo. Watayarishaji wengi siku hizi huomba waandishi, mwongozaji na wengine waingie kwenye kapu moja linalogawana faida ya uendeshaji ya wiki badala ya mauzo. Wiki mbaya, kapu ni tupu na unabaki na kiasi kidogo cha chini kilichoandikwa mkatabani. Kwa hiyo kifungu cha kusoma mara tatu ni kile kinachoeleza “faida” ni nini, hasa gharama zipi zinatolewa kwanza. Kodi ya ukumbi na matangazo huwa ndimo fungu lako linamozama.

Upande wa filamu, sheria ya hakimiliki ya 1976 inaitaja filamu waziwazi kati ya kazi zinazoweza kuandikwa kwa kuajiriwa. Ukishatia saini mkataba wa namna hiyo, machoni pa sheria mwandishi wa muziki wako ni studio. Hakimiliki inadumu miaka 95 tangu kazi itolewe, wakati ya mtunzi wa jukwaani inadumu maisha yake na miaka 70 juu. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kwa sababu liko mbali: mwandishi aliyehamisha haki zake kwa hiari anaweza kuzidai tena baada ya miaka 35. Kazi ya kuajiriwa haimo katika mlango huo. Imekwenda moja kwa moja.

Kinachobaki mkononi mwa mtunzi wa filamu ni fungu la mwandishi katika malipo ya utangazaji, yaani nusu inayokusanywa na BMI au shirika mwenzake, ASCAP, kila filamu inaporushwa. Nusu nyingine, ya mchapishaji, huchukuliwa na studio. Fungu hilo ndilo pensheni yako, na zipo kampuni zinazojaribu kulinunua kwa mkupuo mmoja pamoja na ada. Usiliuze.

Kumbuka pia kwamba majumba ya sinema ya Marekani hayalipi chochote kwa muziki ulio ndani ya filamu. Hukumu ya mwaka 1948, ASCAP ikishtakiwa na wenye majumba ya sinema, ilifunga mlango huo na haujafunguliwa tena. Filamu inaweza kujaza kumbi nchi nzima kwa miezi miwili na mtunzi asione senti ya mrabaha hapo. Hela huja filamu ikionyeshwa kwenye televisheni, mitandaoni, na kwenye sinema za Ulaya ambazo hulipa.

Na haiji yenyewe. Inategemea orodha ya vipande vya muziki ambayo studio hupeleka kwa ASCAP au BMI: jina la kipande, mtunzi, mchapishaji, muda, na namna kilivyotumika. Kosa la kawaida ni muda. Kipande cha dakika 2 na sekunde 14 kikiandikwa sekunde 14, unalipwa sekunde 14 kwa miaka yote. La pili ni jina: mtunzi anajulikana kwa jina moja kwenye filamu na jingine kwenye usajili wake, malipo yanakwama kwenye akaunti ya wasiojulikana. Andaa orodha hiyo wewe mwenyewe siku muziki unapochanganywa, ipeleke kwa mhariri wa muziki, na udai nakala ya ile iliyowasilishwa.

Mtunzi wa jukwaani naye ana kosa lake pacha. Anajiunga na ASCAP, anakaa kusubiri. ASCAP na BMI hazikusanyi malipo ya tamthilia nzima inayochezwa jukwaani. Wao hushughulika na wimbo mmoja mmoja ukipigwa redioni au kwenye tamasha. Haki za tamthilia nzima hutolewa na wakala kama Music Theatre International, ulioanzishwa 1952 na mtunzi Frank Loesser pamoja na mpangaji wa okestra Don Walker, au Concord Theatricals. Wao ndio wanaozikodishia shule, vyuo na vikundi vya ridhaa tamthilia yako, pamoja na vitabu vya nota. Ada hupangwa kwa viti, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho. Kwa watunzi wengi ambao majina yao hayajulikani, shule za sekondari za Marekani zimewalipia nyumba kuliko Broadway.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mfano wa karibu wa kwa nini uombe kifungu cha kurudia kazi yako. “Baba Yetu” ya Mmarekani Christopher Tin iliandikwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa 2005. Akaiingiza tena katika albamu yake mwenyewe ya 2009, na ni kupitia albamu hiyo ilipata Grammy mwaka 2011. Hata ukiandika kwa kuajiriwa, omba ruhusa ya maandishi ya kurekodi upya na kupiga kwenye matamasha. Studio nyingi hazina mpango na haki hizo. Ukiomba kabla ya saini hutoa kwa urahisi kuliko unavyodhani.

Nani anaruhusiwa kugusa

Mtunzi Leonard Bernstein aliandika muziki mahususi kwa ajili ya filamu moja tu maishani, On the Waterfront ya 1954. Aliteuliwa kwa Oscar, hakuirudia kazi hiyo tena. Malalamiko yake aliyaandika mwenyewe: ndani ya chumba cha kuchanganya sauti, muziki alioujenga kwa uangalifu ulishushwa chini ya maneno na kelele, mahali pengine ukakatwa katikati. Mwaka 1955 akautoa kama mfululizo wa okestra wa kupigwa ukumbini, na huko ndiko unakosikika wote.

Aaron Copland alipata Oscar kwa The Heiress ya 1949, lakini muziki wake wa ufunguzi uliondolewa na kuwekwa mwingine wa wimbo wa kale wa Kifaransa, akalazimika kutangaza hadharani kwamba sehemu ile si yake. Kisa cha Alex North ni kikali zaidi. Alikuwa na jina jukwaani na kwenye filamu, aliyeandikia muziki Death of a Salesman Broadway mwaka 1949 na A Streetcar Named Desire kwenye filamu mwaka 1951. Aliandika zaidi ya dakika 40 kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey, zikarekodiwa. Alipokwenda kuitazama ilipozinduliwa 1968, hakukuwa na nota yake hata moja. Mwongozaji alikuwa amebaki na rekodi za muziki uliokuwepo tayari, alizozitumia kwa muda wakati wa kuhariri.

Hilo la muziki wa muda ndilo adui wa kila siku wa mtunzi wa filamu. Mhariri anahitaji muziki ili apime mdundo wa picha, anachukua kitu chochote kinachofaa, mwongozaji anakisikia kwa miezi sita na kukizoea. Wewe ukija, unashindana na mazoea. Ukikiiga sana unakaribisha kesi ya hakimiliki. Ukienda mbali nacho unaambiwa “haifanyi kazi”. Njia inayosaidia ni kumuuliza mwongozaji anapenda nini ndani yake, kimoja kimoja: kasi, ala, au pale kinaponyamaza. Mara nyingi jibu ni kasi tu, na kasi haina hakimiliki.

Jukwaani huwezi kukatwa bila idhini, ila usijidanganye kwamba hukatwi. Wimbo unaoburuta utaondolewa wiki ya pili ya maonyesho ya majaribio, na idhini utaitoa mwenyewe saa sita usiku ukiwa umezungukwa na watu watano waliochoka. Tofauti ni kwamba wimbo uliokatwa unabaki wako, unaweza kuutumia kwingine.

Jihadhari na pale njia mbili zinapokutana. Haki za filamu za On the Town, tamthilia ya Bernstein ya 1944, ziliuzwa kwa MGM. Filamu ilipotoka 1949 nyimbo zake nyingi zilikuwa zimeondolewa na za mtunzi mwingine kuwekwa. Na West Side Story, iliyofunguliwa Broadway Septemba 1957 ikiwa na okestra ya watu wapatao 30, ilipogeuzwa filamu ya 1961 ilipata Oscar 10. Moja ilikuwa ya muziki, ikaenda kwa wapangaji wa muziki wanne. Bernstein hakuwemo. Ukiuza haki za filamu za tamthilia yako, andikisha asilimia ya nyimbo zitakazobaki na haki ya kwanza ya kuandika nyimbo mpya.

Nyimbo mpya zitatakiwa, hilo hakika. Oscar ya wimbo hutolewa kwa ulioandikwa kwa ajili ya filamu pekee, kwa hiyo karibu kila tamthilia inayogeuzwa filamu huongezewa mmoja. Little Shop of Horrors ilipofanywa filamu 1986, Menken na Ashman waliongeza wimbo wa mmea unaokula watu, ukateuliwa.

Siku ya kazi

Hapa ndipo watu wanapojijua. Filamu ni kazi ya saa na mkasi.

Kwa kawaida mtunzi huitwa mwishoni, picha ikiwa imekaribia kukamilika. Anakaa na mwongozaji kuamua muziki uingie wapi na utoke wapi, kisha anaandika kwa wiki 4 hadi 8. Filamu ikihitaji dakika 60 na una siku 30 za kazi, ni dakika 2 kila siku, zikiwa zimekamilika kiasi cha kumsikilizisha mwongozaji kupitia demo ya kompyuta. Ukipoteza wiki moja kwa mafua au kwa kusubiri picha, zinapanda hadi dakika 2 na nusu na zaidi.

Picha huenda fremu 24 kwa sekunde. Dakika ina fremu 1,440, hivyo gawanya 1,440 kwa idadi ya fremu kati ya pigo na pigo upate kasi: fremu 24 ni mapigo 60 kwa dakika, fremu 12 ni 120, fremu 15 ni 96. Chukua tukio ambalo mlango unapigwa teke sekunde 37.5 baada ya muziki kuanza. Kwa kasi ya 96, hadi hapo yamepita mapigo 60 kamili, yaani mafungu 15 ya mapigo manne, na teke linaangukia pigo la kwanza la fungu la 16. Safi kabisa. Kisha mhariri anakata sekunde 2 katikati. Teke sasa liko sekunde 35.5, yamepita mapigo 56.8, mahali ambapo si pigo wala si nusu ya pigo. Ukijaribu kunyofoa mapigo 3.2, muziki utachechemea. Dawa ni kutoa fungu moja zima ili yabaki mapigo 56, kisha kushusha kasi: 56 mara 60, gawanya kwa 35.5, ni 94.65. Mtazamaji hatagundua. Chagua fungu linalorudia jambo lililokwisha kusikika. Ukitoa lile linalobeba mgeuko wa ufunguo, kila kitu baada yake kitasikika kama kimeanguka kutoka darini.

Sasa zidisha kazi hiyo kwa vipande 35, na mhariri anayekata upya kila Ijumaa. Ndiyo maana mkataba unapaswa kusema kwamba mabadiliko baada ya picha kufungwa, yaani uhariri ukishakubaliwa kuwa wa mwisho, yanalipwa kando.

Kurekodi huenda kwa vipindi vya saa 3. Okestra nzuri inatoa dakika 10 hadi 15 za muziki uliokamilika kwa kipindi, na chini ya hapo kama nota ni ngumu. Dakika 60 ni vipindi 4 hadi 6, siku mbili au tatu. Kinachokula muda ni makosa ya nakala: alama ya kupandisha iliyosahaulika kwenye karatasi ya pembe ya pili inasimamisha watu 70. Lipa mnakili mwingine apitie karatasi zote kabla ya siku hiyo. Ni nafuu kuliko dakika 5 za okestra. Rekodi kwa makundi yanayoweza kutenganishwa, nyuzi peke yake, shaba peke yake, ngoma peke yake, ili kwenye kuchanganya mwongozaji akisema “hiyo ngoma inaniudhi” itoke ngoma, usitoke wewe.

Jukwaani hakuna fremu. Kuna mwigizaji ambaye leo atavuka jukwaa kwa hatua 8 na kesho, akiwa na mafua, kwa 11. Nyenzo ya kazi ni fungu la kuzungushwa: mafungu 2 au 4 yanayorudiwa hadi neno la ishara lisemwe, kisha kondakta anainua mkono na okestra inaendelea. Wanaoanza huandika mzunguko wenye melodia inayofika mwisho wake. Ukirudiwa mara ya tatu watazamaji wanasikia gurudumu. Uache mwisho wake wazi, ufanye kila fungu liweze kuwa la mwisho, na usiweke humo ala inayohitaji pumzi ndefu, maana mpiga filimbi hajui atazunguka mara ngapi.

Sauti ya mwimbaji nayo inapimwa tofauti. Kwenye filamu anaimba studio, anarudia mara kumi, mnaunganisha vipande bora. Broadway anaimba maonyesho 8 kwa wiki, siku mbili kati ya hizo mara mbili kwa siku. Nota ya juu anayoifikia kwa nguvu zote kwenye mazoezi ya Jumatatu haitakuwepo Jumamosi usiku. Weka sehemu kubwa ya wimbo ndani ya oktava moja na nota mbili tatu, ile ya kilele itokee mara moja au mbili, na mpe konsonanti nyepesi kabla yake na irabu iliyo wazi juu yake. Na ujue kwamba mwigizaji wa akiba atataka ufunguo mwingine. Kushusha nusu toni ni jambo dogo kwenye piano. Kwa gitaa lililoandikwa kwa nyuzi zilizo wazi, au tarumbeta iliyokuwa inang’ara pale juu, rangi yote inabadilika.

Okestra ya jukwaani ni ndogo na inazidi kupungua. Mgomo wa wanamuziki wa Broadway wa Machi 2003 uliisha kwa kima cha chini katika kumbi kubwa kushuka kutoka watu 24 hadi 26 na kuwa 18 hadi 19. Mpiga ala ya mwanzi mmoja anapiga filimbi, klarineti na saksafoni. Akibadilisha anahitaji sekunde kadhaa, na mtunzi asiyeziacha anapata ukimya au nota mbovu. Wimbo ukibadilishwa usiku wakati wa maonyesho ya majaribio, vitabu vyote 19 vinabadilishwa kabla ya mazoezi ya mchana. Hizo ni hela, na mtayarishaji atakukumbusha.

Hela inakuja lini

Jukwaa linalipa kwa kuchelewa, na mara nyingi halilipi. Mtunzi Stephen Schwartz alipata wazo la tamthilia ya muziki ya Wicked 1996. Ilijaribiwa San Francisco katikati ya 2003, ikaandikwa upya kwa miezi kadhaa, ikafunguliwa Broadway tarehe 30 Oktoba 2003. Miaka 7. Ilihitaji mtaji wa dola milioni 14 na ikaurudisha katika miezi 14, jambo ambalo tamthilia nyingi za Broadway hazifanyi kamwe. Schwartz aliweza kusubiri kwa kuwa Godspell na Pippin za miaka ya mwanzo ya 1970 ziliendelea kukodishwa na shule. Mtunzi anayeanza hana mto huo wa kuegemea. Katika miaka hiyo ya kusubiri utapata ada ndogo ambayo mtayarishaji hulipa ili ashikilie haki ya kuionyesha, ruzuku ukibahatika, na mazoezi ya kusoma mbele ya wawekezaji. Watu huishi kwa kufundisha piano na kuongoza kwaya za kanisa.

Filamu hulipa mapema: kwa awamu, kuanzia saini, kisha kuanza kurekodi, kisha kukabidhi. Lakini filamu ndogo hutoa donge moja ambalo ndani yake mtunzi hulipa wanamuziki, studio, fundi sauti na mnakili. Tuseme ni dola 40,000 kwa dakika 50 za muziki. Wanaoanza huona 40,000. Tenga kwanza 10% usiyoigusa hadi picha ifungwe, usitumie zaidi ya nusu kabla ya siku hiyo, na orodhesha mkatabani yasiyo ndani ya donge: leseni za nyimbo za watu wengine, waimbaji, mwandishi wa maneno, na kurekodi upya picha ikibadilika. Bila orodha hiyo ni rahisi kumaliza kazi ukiwa umeilipia wewe.

Ukitafuta chama cha kukutetea, kwenye filamu hutakipata. Wapangaji wa okestra, wanakili na wapigaji wanalindwa na chama cha wanamuziki. Mtunzi mwenyewe huhesabiwa mkandarasi huru. Watunzi walizishtaki studio miaka ya 1970 wakitaka umiliki, wakapatana 1979, na mfumo ukabaki ulivyo.

Watazamaji wanapokataa

Pande zote mbili hujaribu kazi mbele ya watu kabla ya uzinduzi, lakini bei ya jibu baya hailingani. Little Shop of Horrors jukwaani inaisha mmea ukiwameza wahusika wakuu, na watu walishangilia kwa miaka mitano. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio na mwisho uleule, watazamaji walichukia. Jukwaani mwigizaji aliyeliwa anarudi kuinama mbele ya watu. Kwenye filamu amekufa kweli. Mwisho mzima, wimbo wa kufungia na kazi ya miezi ya wanasanamu, ukawekwa kabatini na mwingine ukapigwa upya. Tamthilia ingetengenezwa kwa usiku tatu za kuandika.

Kwa upande mwingine, filamu iliyoanguka inaweza kufufuka ikiwa na nyimbo. Newsies ilidoda 1992. Ilipopandishwa Broadway 2012 kwa kipindi kilichopangwa kuwa kifupi, ilicheza mara 1,004, Menken na Jack Feldman wakapata Tony, na sasa iko kwenye orodha ya kukodishwa na shule. Kwa hiyo kama filamu yako ina nyimbo na si muziki wa nyuma tu, dai mkatabani mapema: studio ikitengeneza tamthilia, wewe upewe nafasi ya kwanza ya kuandika nyimbo za nyongeza, kwa mrabaha wa jukwaani. Wakati huo hakuna anayefikiria jukwaa, kwa hiyo kifungu ni rahisi kupata.

Uende wapi

Chagua jukwaa kama tayari una mwandishi wa maneno unayeaminiana naye. Bila huyo, hata usianze. Menken bila Ashman, aliyefariki 1991, alilazimika kutafuta washirika wapya katikati ya filamu iliyokuwa inaendelea. Andikeni makubaliano wiki ya kwanza, kabla hamjapendana sana: kila mtu fungu lake, nani anasaini, na baada ya maonyesho mangapi kazi zenu zinakuwa kitu kimoja kisichotenganishwa. Msipoandika, sheria inaweza kuwahesabu wamiliki sawa, na mmoja anaweza kutoa leseni isiyo ya kipekee bila kumuuliza mwingine, ilimradi amgawie. Kisha omba warsha ya BMI, ambayo ipo tangu 1961 na haina ada, au masomo ya miaka miwili ya uandishi wa tamthilia za muziki pale New York University. Ishi New York au karibu yake.

Chagua filamu kama unaandika haraka, kompyuta yako inatoa demo zinazodanganya sikio, na unaweza kutupa kipande kizuri saa nne usiku na kulala. Masomo ya utunzi wa muziki wa filamu ya University of Southern California yako Los Angeles, ambako wanafunzi wa filamu wanaohitaji muziki ni wengi. Huko ndiko utakakokutana na mwongozaji wa kesho akiwa bado hana hela.

Kama bado unasita kati ya njia hizi mbili, anza na jukwaa. Kutoka jukwaani kwenda filamu Menken, Schwartz na Marc Shaiman wa tamthilia ya Hairspray wote wamepita au wamevuka huku na huku. Asiyewahi kuandikia mwigizaji aliye hai mbele yake huwa na kazi ngumu zaidi anapokuja upande wa jukwaa, kwa sababu hajazoea wimbo unaopaswa kusogeza hadithi. Kabla hujahama mji wowote, jipime kwa vitu viwili: tamthilia ya dakika 10 yenye nyimbo 3, waimbaji 2 na piano moja, na tukio la filamu la dakika 3 lililoandikwa mara mbili kwa siku 2, la pili baada ya rafiki kukata sekunde 4 bila kukwambia wapi. Ukipeleka kazi hizo kwa watu, za jukwaani ziwe za piano na sauti bila okestra ya kompyuta, kwa kuwa wanaosikiliza wanatafuta maneno na umbo la wimbo. Za filamu ziwe na picha, vipande vitatu visivyofanana, kila kimoja chini ya dakika 2, na kile bora kiwe cha kwanza. Msikilizaji wa studio huenda asifike cha tatu.